Gavana Mkuu si gavana aliyepandishwa cheo

Kwenye daftari la historia la binti yangu nimekuta mstari huu: "Richard Turnbull, gavana wa Tanganyika, 1958–1962." Si mara ya kwanza. Hata watu wazima husema Turnbull alitutawala mwaka mzima baada ya Uhuru.

Gavana wa kikoloni ni mtu aliyeteuliwa na Mfalme au Malkia wa Uingereza kuitawala nchi kwa niaba yake, akipokea maagizo kutoka Wizara ya Makoloni, London. Basi.

Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, likapitia Kilatini: kushika usukani wa chombo. Pwani tulikuwa na letu, liwali, kutoka Kiarabu al-wali, yaani mwakilishi wa Sultani mjini. Waingereza walipokuja, cheo cha liwali wakakiacha kwa wenyeji waliokuwa chini yao. Usukani wakaushika wenyewe. Na waliushika kweli. Mwaka 1957, Edward Twining akiwa gavana, serikali yake ilimpiga Nyerere marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara.

Kinachotupoteza ni hilo neno "mkuu". Katibu mkuu ni zaidi ya katibu, mwalimu mkuu ni zaidi ya mwalimu, kwa hiyo tukisikia Gavana Mkuu tunadhani Turnbull aliongezewa nguvu. Ni kinyume chake. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza iliteremshwa, na ugavana ukaisha nayo. Turnbull alibaki, mtu yuleyule, lakini sasa akimwakilisha Elizabeth wa Pili kama Malkia wa Tanganyika, na akifuata ushauri wa mawaziri wetu. London haikuwa tena na amri ya kumpa. Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, ni TANU wenyewe waliokubaliana Rashidi Kawawa ashike nafasi. Turnbull alitimiza taratibu za uteuzi tu. Tarehe 9 Desemba 1962 tukawa jamhuri, na cheo hicho kikafutwa.

Kwa hiyo, mwanangu, usiufute mstari wote. Ugawe mara mbili: Turnbull, gavana, 1958 hadi 1961, kisha Gavana Mkuu, 1961 hadi 1962. Na Uhuru uandike palepale katikati, tarehe 9 Desemba.