Kisukuku Kikihamishwa, Habari Zake Hupotea

Mwaka 1932, Juma Gitau, mmoja wa watu wa timu ya Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, alipata kipande cha taya la binadamu huko Kanam, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Leakey akatangaza kuwa taya hilo ni la kale mno. Mwaka 1935 akaja mwanajiolojia kutoka Uingereza, Percy Boswell, akataka jambo moja tu: aoneshwe lilipotoka. Leakey alishindwa. Vigingi vya chuma alivyoacha kama alama vilikuwa vimeng'olewa. Wenyeji walikuwa na kazi nyingine ya chuma, na nani angewalaumu? Hata picha ya eneo ikabainika kuwa ya mahali pengine. Taya lilikuwepo, linashikika, lakini hoja yote ikaporomoka.

Wengi wanaotutembelea makumbusho hudhani thamani ya kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, imo ndani ya mfupa. Sehemu kubwa imo kwenye udongo uliouzunguka. Mnyama akifa porini, kwa kawaida fisi, jua na mvua humaliza kila kitu. Hubaki wachache waliofunikwa mapema na tope, mchanga au majivu ya volkano. Maji yanayopenya ardhini huleta madini, yakajaza vitundu vya mfupa, hadi ukawa mzito na mgumu kama jiwe. Kwa hiyo tabaka lililoufunika ndilo shahidi wa lini na katika mazingira gani.

Hilo lilidhihirika Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa amelala kambini na homa, mkewe Mary aliona meno na mfupa vimechomoza kwenye mteremko. Lilikuwa fuvu la zamadamu, yaani kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, waliyemwita Zinjanthropus. Louis alikadiria umri wake kuwa miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 vipimo vikatoa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio yake!

Kilichopimwa hakikuwa fuvu. Kipimo cha kaboni hukomea kwenye miaka kama 50,000, kwa hiyo hapo hakifai kitu. Walipima majivu ya volkano. Ndani yake kuna potasiamu, na aina moja ya potasiamu hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi hiyo hutoroka. Ukipoa, huanza kunaswa upya. Ukijua agoni iliyojikusanya na potasiamu iliyobaki, unajua volkano ililipuka lini. Ila hesabu hiyo inaligusa fuvu pale tu unapojua lililala tabaka gani.

Ndiyo maana kazi ya uwandani ni ya polepole kiasi cha kuchosha: kupima, kuchora, kupiga picha, kufukua kwa brashi, kuchekecha udongo. Fuvu la Zinjanthropus lilikuwa limevunjika vipande mamia, na vingi vilipatikana kwenye chekeche.

Karibu nalo kulikuwa na zana za mawe na mifupa ya wanyama iliyopasuliwa. Mwanzoni ilidhaniwa Zinjanthropus ndiye fundi wa zana hizo. Kuanzia 1960, karibu na hapo, yakapatikana mabaki ya zamadamu mwingine wa takriban kipindi hicho hicho, mwenye ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 akaitwa Homo habilis, na sifa ya ufundi ikahamia kwake. Bila kumbukumbu za matabaka, nani angejua kwamba wawili hao waliishi zama moja?

Masika yakimegua makorongo, anayeona kwanza mara nyingi ni mchungaji au mkulima, si mtaalamu. Ukiona mfupa uliogeuka jiwe, usiung'oe, usiuoshe, wala usiupake gundi. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayolinda vitu hivi, na ofisi ya kijiji au makumbusho yaliyo karibu yatapokea taarifa yako. Piga picha ukiweka kalamu pembeni ili ukubwa ujulikane, kisha rudi nyuma upige nyingine inayoonesha korongo zima.