Tovuti ya bure si lazima iwe mali yako
Wapo wenye nyumba za wageni, kuanzia Nungwi hadi Chake Chake, ambao kwa miaka mingi wameamini kuwa tovuti iliyohifadhiwa bure ni mali yao sawasawa na ya kulipia. Sivyo. Anayehifadhi bure anaweza kuweka matangazo yake au kusitisha huduma, kama Yahoo ilivyoifunga GeoCities, huduma yake ya kuhifadhi tovuti bure, nchini Marekani mwaka 2009. Hata hivyo, kulipia peke yake hakutoshi: lililo muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni kusajili anwani ya tovuti, mathalani ya .co.tz, kwa jina lako mwenyewe wala si la fundi aliyekutengenezea, kwani mwenye anwani na nakala ya kurasa zake huweza kuhamia kwa mhifadhi mwingine bila ya wageni kumpoteza.