Pangaboi Halisikii Rimoti, na Taa Yake Inachezacheza

Ninapoitwa kutengeneza pangaboi la dari lisilosikia rimoti, mara nyingi namkuta mwenye nyumba amekwisha kununua rimoti nyingine, nayo haikusaidia. Rimoti ni nusu tu ya chombo. Nusu ya pili ni risiva, yaani kijisanduku kilichofichwa ndani ya kikombe cha darini (kifuniko kilicho pale pangaboi linaposhikana na dari), ambacho ndicho kinachoamua umeme kiasi gani uende kwenye mota na kiasi gani uende kwenye taa.

Betri haihitaji maneno mengi. Rimoti nyingi hutumia betri ndogo ya volti 12, na betri hiyo ikichoka bado huweza kuwasha kitaa cha rimoti bila kuwa na nguvu ya kurusha mawimbi hadi darini. Baada ya betri, tazama mpangilio wa siri. Rimoti za zamani zina viswichi vinne nyuma ya kifuniko cha betri, na risiva ina vyake vinne, ambavyo lazima vilingane na vile vya rimoti. Viswichi vinne hutoa mipangilio 16 tu, ndiyo maana katika jengo la vyumba vingi jirani anaweza kukuzimia taa bila kukusudia. Rimoti nyingi za karibuni huoanishwa kwa kuzima umeme, kuuwasha tena, kisha kubonyeza kitufe maalumu ndani ya muda mfupi ulioandikwa kwenye kijitabu chake. Aliyechelewa huanza upya.

Ikiwa mapanga yanatii rimoti lakini taa inachezacheza, inavuma au inabaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa, mimi huiacha rimoti mezani na kutazama balbu. Sehemu ya risiva inayofifiza mwanga haipunguzi umeme polepole kama mtu anavyofunga bomba la maji, bali hukata kipande cha kila nusu ya wimbi la umeme, mara 100 kwa sekunde pale umeme unapokuwa wa hezi 50. Balbu ya uzi haisumbuliwi na mkato huo, kwa kuwa uzi ukishapata moto haupoi upesi kiasi cha jicho kuona. Balbu ya LED ina saketi yake ndani, na saketi isiyotengenezwa kwa ajili ya kufifizwa huvurugwa na vipande hivyo vya wimbi. Aidha, balbu tatu za wati 5 hula wati 15 tu, ilhali risiva iliyobuniwa enzi za balbu za wati 60 huenda ikahitaji mzigo mkubwa zaidi ili swichi yake ya kielektroniki ishike sawasawa.

Kipimo changu ni rahisi: naweka kwa muda balbu moja ya uzi, isiyozidi wati zilizoandikwa kwenye kishikio cha balbu. Mwanga ukitulia, risiva ni nzima, na dawa ni kununua balbu za LED zilizoandikwa kwamba zinafifizwa, zote za aina moja. Baadhi ya rimoti pia zina kiswichi kidogo cha kuondoa ufifizaji kabisa, na kwa asiyehitaji mwanga hafifu hilo hugharimu kidogo kuliko balbu mpya.

Kosa ninalolichukia zaidi ni swichi ya kufifiza taa iliyofungwa ukutani kwenye laini inayolisha risiva. Hapo risiva na mota hupokea umeme uliokwisha kukatwakatwa. Mota hunguruma na kupata joto, na risiva huungua mapema. Iondolewe, iwekwe swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima.

Kabla ya kupanda ngazi, vuta minyororo ya pangaboi, kama inayo, na uhakikishe taa imeachwa ikiwa imewashwa na mota iko kwenye kasi ya juu kabisa. Niliwahi kubadili risiva nzima, kumbe mnyororo wa taa ulikuwa umevutwa na mtoto. Ikibidi kufungua kikombe, zima saketi breka, kwani swichi ya ukutani pekee haitoshi, kisha hakikisha kwa testa kwamba waya hazina umeme. Ukiona waya mwembamba wa antena umebanwa kati ya vyuma, utoe nje ya vyuma hivyo, maana huo peke yake hufupisha umbali wa rimoti. Risiva yenye harufu ya kuungua haitengenezwi: nunua risiva na rimoti yake pamoja, zenye uwezo wa wati unaotosha mota na taa zako.