Maji yaliyolala bombani: kutu haihitaji hewa

Mafundi wengi wa Mtwara na Lindi huamini kwamba bomba likishafungwa na hewa ikaisha, kutu nayo imekwisha. Kwao, adui ni upepo wa chumvi tu. Kwa nje, sawa. Ndani ni habari nyingine. Maji ya bahari yaliyotumika kupima presha kisha yakaachwa humo yana takriban gramu 2.7 za salfeti (aina ya chumvi yenye salfa) kwa lita, na wapo bakteria wasiotaka oksijeni wanaoigeuza kuwa sulfidi. Chuma hutoboka vishimo chini ya utando mweusi unaonuka yai viza. (Usiunuse makusudi: gesi yenye harufu hiyo, hidrojeni sulfidi, huua, na ikizidi pua haiisikii tena.)

Kosa la pili ni kutafuta bakteria hao kwenye maji peke yake. Bakteria waharibifu wamejibandika ukutani, kwa hiyo weka vipande vya chuma vya majaribio upande wa chini wa bomba, maji yanapotuama, kisha ukwangue utando wake. Ili kukadiria wingi wao, tia mililita 1 ya sampuli katika mililita 9 za chakula cha bakteria, kisha mililita 1 ya mchanganyiko huo katika chupa inayofuata, na kadhalika; ziache siku 28 kwa joto la bomba lenyewe.

Kumwaga dawa ya kuua bakteria bila kusugua ndani ya bomba kwanza ni hasara: hufa wa juu ya utando, wa chini yake hubaki.