Gari Lile Ni la Mwaka Gani? Tarehe ya Kuundwa na Mwaka wa Modeli katika Magari ya Spoti ya Zamani

Muulize mwenye gari la spoti la zamani gari lake ni la mwaka gani, atakutajia mwaka bila kusita. Muulize mwaka huo kautoa wapi, hapo ndipo majibu yanapoachana. Mmoja kausoma kwenye kadi ya gari. Mwingine kaambiwa na aliyemuuzia. Wa tatu kaangalia picha mtandaoni, kaona taa zinafanana. Magari yao yanaweza kuwa yametoka kiwandani wiki moja, kila mmoja akataja mwaka wake, na pasiwe na aliyesema uongo.

Sababu ni kwamba tukisema "mwaka wa gari" tunachanganya mambo matatu. Tarehe ya kuundwa ni siku, au angalau mwezi, ambapo gari lilikamilika kiwandani. Mwaka wa modeli ni jina la toleo: kampuni imebadilisha injini, taa au viti, ikalipa toleo hilo jina la mwaka fulani. Usajili wa kwanza ni siku gari lilipopewa namba ya barabarani kwa mara ya kwanza. Gari lililoundwa Oktoba 1972 linaweza kabisa kuwa modeli ya 1973, na likasajiliwa 1974 kwa kuwa lilikaa dukani likisubiri mteja. Miaka mitatu, gari moja.

Mwaka wa modeli haufuati kalenda ya ukutani. Mtindo huu ulikomaa Marekani katika miaka ya 1920, General Motors chini ya Alfred Sloan ilipoanza kubadilisha sura ya magari yake kila mwaka ili mwenye gari la mwaka jana alione limepitwa. Magari mapya yalizoeleka kutoka kabla mwaka haujaisha, yakiwa tayari yameitwa kwa mwaka ujao. Porsche kule Stuttgart nao walikuwa na msimu wao: wafanyakazi wakirudi kutoka likizo ya kiangazi, mwezi Agosti, modeli ya mwaka unaofuata ndiyo inaanza kuundwa.

Mfano unaonikaa kichwani kuliko yote ni wa Corvette, gari la spoti la Chevrolet. Hakuna mtu aliyewahi kununua dukani Corvette ya modeli ya 1983. Kampuni iliunda magari 43 ya majaribio yenye jina la mwaka huo, kisha uzinduzi ukasogezwa mbele, na gari jipya lilipoanza kutoka kiwandani mapema 1983 likaitwa modeli ya 1984. Kati ya yale 43 limebaki moja tu, limehifadhiwa katika makumbusho ya Corvette mjini Bowling Green, Kentucky. Kwa hiyo Corvette zilizoundwa mwaka 1983 zipo kwa maelfu, lakini Corvette ya modeli ya 1983 ni hiyo moja. Akikuuliza mtu tofauti ya dhana hizi mbili, msimulie hilo, inatosha.

Ford Mustang ni kisa cha upande wa pili. Ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964, na namba zake zote za chesisi, hata za magari ya mwanzo kabisa, huanza na tarakimu 5, yaani modeli ya 1965. Wapenzi wake huyaita yale ya mwanzo "1964 na nusu", kwa sababu yana dinamo ya kizamani, na yaliyofuata baada ya miezi michache yana alteneta. Jina hilo kiwanda hakikulitoa. Wamelitoa watu waliofungua boneti wakaona tofauti, na mimi nadhani walikuwa na haki.

Sasa, unajuaje? Unaanza na namba ya chesisi. Ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe ndiyo ya kuaminiwa kwanza, kabla ya kibati kilichofungwa kwa ribiti, maana kibati hung'olewa na kuhamishwa. Beba tochi, kitambaa na mafuta ya taa kidogo. Kwenye Porsche 911 ya zamani unafungua buti ya mbele, unainua zulia, na namba iko kwenye bati la sakafu. Usiipige msasa hata kidogo. Futa uchafu taratibu, mulika tochi kwa ubavu ili kivuli kiingie kwenye tarakimu, kisha piga picha.

Tuseme umesoma 9113300 na tarakimu nyingine tatu. Hapo gari limekwambia mengi. 911 ni aina yake. Tarakimu 3 inayofuata ni mwaka wa modeli, 1973. Ile 3 ya pili ni injini, toleo la S. Ingekuwa 1 lingekuwa T, 2 lingekuwa E, na 6 ingekuwa Carrera RS, ile ambayo watu hutoa fedha nyingi kweli kweli kuipata. Sifuri baada yake inamaanisha bodi ya kawaida yenye paa, na ingekuwa 1 ni Targa, yenye paa la kutolewa. Zinazobaki ni zamu yake katika mfuatano. Ona kwamba namba haisemi gari liliundwa mwezi gani. Inasema msimu, na msimu wa modeli ya 1973 ulianza Agosti 1972.

Bodi nayo inatoa ushahidi wake. 911 za modeli ya 1972 zina kifuniko kidogo upande wa kulia, nyuma ya mlango, ambapo oili ya injini hujazwa kutokea nje. Mwaka uliofuata hakipo. Husimuliwa kwamba wahudumu wa vituo vya mafuta walikuwa wakikifungua na kumimina petroli humo. Kwa anayetafuta mwaka wa gari, kifuniko hicho ni zawadi: kilidumu msimu mmoja tu. Ukiona 911 yenye kifuniko na namba inayosema 1973, simama hapo hapo uulize maswali.

Kuanzia modeli za 1981 mambo yalirahisishwa na namba ya tarakimu na herufi 17. Kwenye magari ya soko la Marekani, nafasi ya kumi ni mwaka wa modeli: B ni 1981, C ni 1982, na kuendelea hivyo, zikirukwa I, O, Q, U na Z ili zisichanganywe na alama nyingine. Mwaka 2001 ukaanza kuandikwa 1, na 2010 ikarudi A. Angalizo moja ambalo watu hulisahau: Ulaya nafasi hiyo haikuwa lazima kuonyesha mwaka, na makampuni mengi hayakuitumia hivyo. Porsche waliitumia hata kwa magari ya Ulaya.

Na herufi hiyo moja ina uzito. Chukua Porsche 911 Carrera ya lita 3.2 iliyosajiliwa Septemba 1986. Namba yake ikianza WP0ZZZ91ZG, ni modeli ya 1986 na ina giaboksi ya zamani inayoitwa 915. Ikianza WP0ZZZ91ZH, ni modeli ya 1987, na giaboksi ni G50, imara zaidi, yenye klachi ya haidroli. Mwezi mmoja wa usajili, kadi zinafanana, lakini ukikaa kwenye usukani na kuingiza gia ya pili utajua umekaa kwenye gari tofauti. Muuzaji anayesema "ni ya 86" hajakwambia kitu bado.

Waingereza walikuwa na njia yao. MGB, gari la spoti la kampuni ya MG lililoundwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, ina herufi mwanzoni mwa namba. GHN5UD husomeka hivi: G ni MG, H ni ukubwa wa injini, N ni gari la wazi la viti viwili, 5 ni toleo, U ni soko la Marekani, D ni modeli ya 1973. Herufi ya mwaka iliwekwa kwa magari ya Marekani tu, kuanzia A ya 1970. Hili linasaidia sana kwa sababu Septemba 1974 MGB ilibadilishwa bamba za kromu ikawekewa bamba kubwa nyeusi za mpira, ikainuliwa na juu kidogo, kutimiza sheria za Marekani. Wengi hawakuzipenda. Mpaka leo mafundi hung'oa mpira na kufunga kromu, na gari likiwa limepigwa rangi vizuri jicho linadanganyika. Namba haidanganyiki.

Datsun 240Z inatugusa zaidi huku. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mbio za magari za East African Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta akishirikiana na Lofty Drews wakarudia 1973, kwa hiyo wapo wazee Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliozishuhudia zikipita kwenye vumbi. Zile za usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Japani huanza HS30, na za usukani wa kushoto HLS30. Namba imegongwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na abiria. Lakini haina mwaka ndani yake, ni mfuatano tu. Magari ya Marekani yana kibati kwenye nguzo ya mlango kinachotaja mwezi na mwaka wa kuundwa. Mengine hayana, na hapo unarudi kwenye bodi. Za mwanzo zina matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma. Mwanzoni mwa 1971 matundu yakahamia kwenye nguzo za nyuma, chini ya nembo ya duara yenye herufi Z. Ndiyo maana unaweza kukuta 240Z iliyoundwa Desemba 1970, kadi yake inasema 1971, na bado ina matundu nyuma. Kadi imefuata siku ya kuuzwa, bodi imefuata siku ya kuundwa.

Baada ya chesisi, sikiliza vipande. Viwanda vilikuwa na tabia ya kuweka tarehe kwenye karibu kila kitu. Bloku za injini za Chevrolet zina tarehe iliyotoka na chuma chenyewe kilipomiminwa: herufi ya mwezi, A ikiwa Januari, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 14 7 ni tarehe 14 Machi 1967. Tarakimu hiyo ya mwisho yaweza kuwa 1957 au 1977 pia, ndiyo maana huisomi peke yake. Rimu za Fuchs za Porsche zina mwezi na mwaka kwa upande wa ndani. Vioo vya Triplex kwenye magari ya Kiingereza vina vinukta vidogo kwenye maandishi ya nembo, ambavyo kwa anayejua kuvisoma hutaja mwaka kilipotengenezwa kioo. Mikanda ya usalama mara nyingi ina kitambaa chenye tarehe, kimeshonwa pale chini ambapo hakuna anayeangalia.

Kanuni ya vipande ni moja, na naisisitiza kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza: kipande cha asili hutangulia gari. Injini humiminwa kwanza, hukaa stoo, hufungwa baadaye. Kipande chenye tarehe ya wiki kadhaa au miezi michache kabla ya gari ni cha kawaida. Kipande chenye tarehe ya baada ya gari kimebadilishwa, hakuna mjadala. Na kioo kimoja kipya si kosa, kwani mawe yapo barabarani. Unachotafuta ni kundi: vioo vitano vikisema 1971 na cha sita 1984, umeujua mwaka na umeijua ajali.

Karatasi inayoweza kumaliza ubishi hutoka kwenye kumbukumbu za kiwanda. British Motor Museum pale Gaydon wana madaftari ya uzalishaji ya MG na makampuni mengine ya Kiingereza, na hutoa cheti chenye tarehe ya kuundwa, rangi ya mwanzo, namba ya injini na nchi gari lilikopelekwa. Jaguar wana mfuko wao wa urithi unaofanya kazi hiyo. Kwa Porsche za mwanzo kuna kadi ya kiwanda ambayo wapenzi huiita Kardex, na kuiona nakala yake, na maandishi ya mtu aliyekuwa kazini siku hiyo, kunanigusa kila mara.

Sheria nazo hazikubaliani ni mwaka upi wa kuhesabu. Uingereza husamehe kodi ya barabara gari lililotimiza miaka 40 tangu kuundwa. Kama tarehe ya kuundwa haijulikani, lililosajiliwa katika siku saba za kwanza za Januari huhesabiwa kuwa la mwaka uliotangulia, kwa kuwa haliwezi kuundwa, kusafirishwa na kusajiliwa ndani ya wiki. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na Tanzania gari likizeeka huongezewa kodi ya uchakavu, kwa hiyo waagizaji wa Mombasa na Dar es Salaam wanaijua vizuri tofauti ya mwaka wa kuundwa na mwaka wa usajili. Shida ni kwamba magari ya soko la ndani la Japani hayana mwaka kwenye namba ya chesisi. Hati ya Japani inataja mwezi wa usajili wa kwanza. Mwezi wa kuundwa unautafuta kwa kuingiza namba ya chesisi kwenye katalogi ya spea ya kampuni.

Marekani ndiko mwezi huo unakotafutwa kwa hamu kubwa kuliko kote, maana gari la nje lisilotimiza viwango vyao huruhusiwa likifikisha miaka 25 tangu mwezi lilipoundwa. Mwaka wa modeli hauhesabiki. Nissan Skyline GT-R ya R34, yenye namba inayoanza BNR34, ilianza kuundwa Januari 1999. Mwenye gari la Januari aliingiza lake Januari 2024. Mwenye la Novemba, la rangi ile ile na injini ile ile, alisubiri hadi Novemba.