Kwa nini seli hai hugandishwa polepole ndani ya boksi la povu?

Maabara isiyo na mashine ya kugandishia seli hutumia boksi jeupe la povu gumu, lile linalosafirishia chanjo na samaki. Vichupa vya seli hupangwa ndani, boksi hufunikwa na kulazwa kwenye friza ya nyuzi -80, na kesho yake vichupa huhamishiwa kwenye nitrojeni iliyo kimiminika, nyuzi -196.

Wengi hudhani povu limewekwa ili joto lisiingie. Ndani ya friza kazi yake ni kuchelewesha joto kutoka. Na ucheleweshaji huo unapingana na imani nyingine, kwamba kuganda haraka ndiko bora. Kwa samaki ni kweli: fuwele ndogo za barafu haziharibu mnofu. Lakini samaki hatakiwi kuishi tena. Seli inatakiwa iamke na kugawanyika.

Barafu huanzia nje ya seli. Haichukui chumvi, kwa hiyo chumvi yote hubanana kwenye maji machache ambayo hayajaganda, nayo huvuta maji ya ndani ya seli. Kitunguu cha kachumbari ukikinyunyizia chumvi hutoa maji kwa namna hiyohiyo, ila lazima ukipe muda. Seli ikipewa muda hunywea, na ndani hubaki maji kidogo ya kuganda. Ikiharakishwa, maji hugandia humo humo na kuiua. Ikicheleweshwa mno, chumvi kali huiumiza. Mwanasayansi Peter Mazur na wenzake walizieleza hatari hizi mbili mwaka 1972. Kwa seli nyingi za wanyama zinazooteshwa maabara, mwendo unaofaa ni kama nyuzi 1 kwa dakika, zikiwa na kemikali ya kuzikinga na madhara ya kuganda, mara nyingi ile iitwayo DMSO, asilimia 10.

Weka waya wa kipimajoto kwenye kichupa kisicho na seli uone inavyokwenda. Kinashuka chini ya sifuri kikiwa bado maji; ghafla joto linapanda, kwa sababu maji yanapoganda hutoa joto; linatulia, kisha linashuka tena. Inapendeza sana kuitazama! Unene wa povu na idadi ya vichupa hubadilisha mwendo huo, hivyo kila boksi lipimwe lenyewe. Mayai ya uzazi, kwa ukubwa wake, ni vigumu zaidi kuyagandisha kwa njia hii.

Vichupa visiachwe miezi kwenye -80. Huko fuwele bado zinaweza kukua, na seli zinazoamka huzidi kupungua.