Maana ya mfumo wa makundi na mtoano katika mashindano ya gemu

Mfumo wa makundi na mtoano ni namna ya kuendesha mashindano kwa hatua mbili. Kwanza wachezaji hugawanywa katika makundi madogo, na kila mmoja hucheza na wote wa kundi lake. Kisha waliofuzu huingia kwenye mchoro wa mtoano, ambako anayefungwa huaga mashindano mpaka abaki mmoja, ndiye bingwa. Ndivyo linavyochezwa Kombe la Dunia, na waandaaji wengi wa mashindano ya gemu za kandanda wameuchukua mfumo huo karibu kama ulivyo.

Sababu ya kuunganisha hatua hizo inaonekana kwenye hesabu. Wachezaji 32 wakicheza ligi ambayo kila mmoja hukutana na wengine wote, zinahitajika mechi 496, kazi ambayo hakuna ukumbi utakaoimaliza mwishoni mwa juma. Wakicheza mtoano mtupu, mechi 31 zinatosha, lakini 16 kati yao watarudi nyumbani baada ya mchezo mmoja tu, na huenda wawili walio bora wakakutana raundi ya kwanza. Wakigawanywa katika makundi manane ya watu wanne, kila kundi litakuwa na mechi sita, jumla 48, kisha wawili wa juu wa kila kundi watacheza mechi 15 za mtoano. Hapo kila mtu anahakikishiwa mechi tatu, jambo ambalo si dogo kwa aliyelipa kiingilio na kupanda daladala mbili.

Idadi ya mechi za kundi hupatikana kwa kuzidisha idadi ya wachezaji kwa idadi hiyohiyo ikipunguzwa moja, kisha kugawanya kwa mbili. Kundi la wanne lina mechi 6, la watano 10 na la sita 15, kwa hiyo kuongeza watu wawili tu kunazidisha kazi zaidi ya maradufu. Tuseme mechi moja, pamoja na kuchagua timu na kupokezana padi za kuchezea, inachukua dakika 20: mechi 48 zitahitaji saa 16 kwenye mashine moja, au saa 4 kwenye mashine nne. Mwandaaji mwenye busara huhesabu mashine zake kabla ya kutangaza idadi ya washiriki.

Matatizo mengi hutokea pale hatua mbili zinapoungana. Wachezaji watatu wanaweza kufungana kwa mzunguko, wa kwanza akamshinda wa pili, wa pili akamshinda wa tatu, naye wa tatu akamshinda wa kwanza; wote wakimshinda wa nne, watalingana kwa pointi sita na ushindi wa wao kwa wao hautawatenganisha. Inabidi itazamwe tofauti ya mabao, na katika gemu za mapigano zisizo na mabao, tofauti ya michezo midogo waliyoshinda na waliyopoteza ndani ya kila mechi. Kanuni hizo, na mpangilio wake, ziandikwe kabla ya droo ya kupanga makundi, kwa maana zikitungwa baada ya matokeo hakuna atakayeamini kwamba hazikumlenga mtu.

Ratiba nayo ina mtego wake. Katika Kombe la Dunia la 1982, Algeria ilikwisha maliza mechi zake za kundi wakati Ujerumani Magharibi na Austria zilipokutana mjini Gijón, Hispania, siku iliyofuata, kila moja ikijua ni matokeo gani yangezivusha zote mbili. Ujerumani ilipata bao mapema, mchezo ukapoa, ukaisha 1-0 na Algeria ikatoka. Tangu 1986, mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja, na mwandaaji wa gemu anaweza kufanya vivyo hivyo akitenga mashine mbili kwa kila kundi.

Kwenye mchoro wa mtoano, kinara wa kundi hupewa mshindi wa pili wa kundi jingine, na wawili waliotoka kundi moja huwekwa pande tofauti ili wasikutane tena kabla ya fainali. Idadi inayokaa vizuri ni 4, 8, 16 au 32. Wakifuzu 12, nafasi nne za mchoro wa watu 16 hubaki wazi, na vinara wanne wenye matokeo bora huvuka raundi ya kwanza bila kucheza.

Gemu za mapigano zina desturi tofauti kidogo. Evo, mashindano yaliyoanzia California mwaka 1996, hutumia mtoano wa kupoteza mara mbili, hata ndani ya makundi ya mwanzo: anayefungwa mara ya kwanza huhamia upande wa walioshindwa, na hutoka akifungwa tena. Ushindi maarufu wa mchezaji Mjapani Daigo Umehara dhidi ya Mmarekani Justin Wong katika Evo ya mwaka 2004 ulipatikana katika fainali ya upande huo. Umehara akaenda fainali kuu na kufungwa na Kenji Obata. Kwa wachezaji 16, mfumo huu unahitaji mechi 30 badala ya 15, na huenda ikaongezeka ya 31, kwa sababu anayefika fainali kuu akitokea upande wa walioshindwa hana budi kumfunga mara mbili mpinzani ambaye bado hajapoteza. Muda wa mechi hiyo ya ziada uwekwe kwenye ratiba tangu awali.